Kuingia kwenye utafiti wa DNA na saratani: shika kipimo kimoja kwanza, skolashipu itakukuta njiani

Wadogo zangu mnaosoma baiolojia, bayoteknolojia, maabara na hata udaktari mnaniuliza sana, nifanyeje na mimi niwe mtafiti wa saratani, tena huko kwenye mambo ya DNA. Wengi mnategemea nijibu kwa orodha ya vyuo na skolashipu. Hizo zipo na nitazigusa huko chini, ila kwangu mimi zinakuja baadae. Cha kwanza ni je, mkono wako unajua kupima nini? Maana hii fani ya jinsi seli inavyokarabati DNA yake ukiwaangalia waliotoboa, karibu wote walikuwa na kipimo kimoja walichokimudu mpaka wakawa wanaona vitu ambavyo wenzao hawavioni, digrii na vyeo vikawa vinafuata nyuma.

Chukua Aziz Sancar. Mturuki, kazaliwa 1946 Savur, kamji kadogo mkoa wa Mardin, mtoto wa saba kati ya wanane, wazazi hawakujua kusoma wala kuandika ila kwenye shule hawakuwa na mzaha. Kasoma udaktari Istanbul kamaliza 1969, karudi kwao kutibu watu vijijini, baadae kaenda Marekani, Johns Hopkins. Pale mambo yakagoma, lugha inamsumbua, watu hawazoeleki, karudi nyumbani. Akajaribu tena, safari hii Texas, Dallas, kwa profesa Stan Rupert, kwa sababu kuna kitu kimoja kilikuwa kinamnyima usingizi: ukiwapiga bakteria kwa mionzi ya UV wanakufa, lakini ukiwawekea mwanga wa bluu wale waliokuwa wanakufa wanafufuka. Wanafufukaje? Kuna kimeng'enya kinaitwa fotolayesi, kinakamata ule mwanga na kuutumia kurekebisha DNA iliyoungua. Sancar akaikamata jeni ya hicho kimeng'enya, akapata PhD yake 1977.

Sasa ungedhani baada ya hapo milango inafunguka yenyewe. Aliomba postdoki (utafiti wa baada ya PhD) maabara tatu zikamkatalia, akaenda Yale kwa Dean Rupp kufanya kazi ya ufundi wa maabara. Fundi, na PhD yake mfukoni na udaktari wake juu! Lakini pale ndipo akatengeneza kipimo kilichomtoa. Alichukua bakteria wasiojua kujikarabati, akawapiga UV, DNA yao kubwa ikasagika yote, ila zile plazimidi ndogo ndogo ndani yao (vipete vya DNA vilivyo pembeni ya ile kubwa) kwa kuwa ni ndogo baadhi hazikupigwa, zikabaki nzima na zikaendelea kutengeneza protini. Kwa hiyo protini yoyote mpya unayoiona pale unajua imetoka kwenye plazimidi uliyoiweka wewe mwenyewe. Njia ikaitwa makisiseli, ilitoka 1979, na kwa njia hiyo akazipata protini tatu, UvrA, UvrB na UvrC, kisha 1983 yeye na Rupp wakaonyesha hizo tatu zinakata uzi wa DNA pande mbili za sehemu iliyoungua na kutoa kipande cha herufi 12 au 13 (herufi ni zile A, T, G na C zinazoiandika DNA). Kwa binadamu mtindo ni ule ule ila kipande ni kirefu zaidi, kama herufi 27 hivi. Mwaka 1982 alikuwa keshapata kazi North Carolina pale Chapel Hill, na 2015 akachukua Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Hao wengine wawili ni hivyo hivyo. Lindahl, Msweden, alikuwa anashughulika na RNA inayoharibika ikipata joto, akajiuliza vipi kuhusu DNA, mbona kila mtu anaichukulia kama jiwe? Akakaa na mirija yake anapima DNA inavyooza polepole, kazi isiyo na mvuto kabisa, akakuta kwa siku moja kila seli ya binadamu inapoteza karibu herufi 10,000 bila hata jua wala sigara, basi tu kwa kuwa iko kwenye maji na joto la mwili. Kwa hesabu hiyo tusingekuwepo, kwa hiyo lazima kuna kitu kinarekebisha, akaenda kukitafuta na akakipata. Modrich naye pale Duke alijenga kipimo cha kuona kama seli imesahihisha herufi iliyokosewa wakati wa kunakili, akakifuga miaka na miaka, na ilipofika 1993 watu walipoanza kugundua kwamba kuna familia zinazopata saratani ya utumbo mpana kizazi hadi kizazi kwa sababu huo usahihishaji umekufa, yeye vifaa vya kuthibitisha alikuwa navyo mezani tayari.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe nisome wapi, liwe mimi nitapima nini.

Anza na hamira

Naongea kwa aliye digrii ya kwanza, anatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na idara yake haina hela. Kipimo cha fotolayesi unaweza kukifanya kwa hamira ya dukani, ile ile ya maandazi. Hamira ina hicho kimeng'enya, binadamu hatuna.

Koroga hamira kwenye maji safi yaliyochemshwa yakapoa, chora kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) yenye chakula chake, acha siku mbili kwenye nyuzi 30, kisha chukua koloni moja tu (kidoa kilichoota kutoka seli moja) ulikuze upya ili ujue unashughulika na ukoo mmoja. Punguza mchanganyiko kwa hatua za kumi kumi mpaka upate wa kukupa koloni kama 200 kwenye sahani. Tandaza kwenye sahani nyingi za kutosha. Halafu kabati la usalama la maabara, lile lenye taa ya UV ya kuua vijidudu, hiyo ndio taa yako. Fungua vifuniko, maana plastiki inazuia UV kabisa na ukiviacha utapata matokeo mazuri ya uongo, piga sekunde 0, 5, 10, 20, 40, kila muda sahani nne. Vaa miwani na glavu na koti la mikono mirefu, hiyo taa hautaisikia ikikuunguza, usiku ndio macho yatawaka kama umemwagiwa mchanga.

Ukimaliza kupiga, rudisha vifuniko, sahani mbili zifunge kwa foili gizani, mbili weka chini ya taa nyeupe au ya bluu kwa saa moja kisha nazo zifunge. Zote kwenye nyuzi 30, siku mbili, hesabu koloni. Kama umefanya sawa, zilizopata mwanga zitakuwa na koloni nyingi kuliko za gizani kwenye kila muda isipokuwa sifuri. Kwenye sifuri zinatakiwa zilingane, na hapo ndipo msimamizi makini ataangalia kwanza.

Mambo mawili yanaharibu hiki kipimo. Moja ni dirisha. Ukitembea na sahani zako za giza kupita mbele ya dirisha lenye jua umeshazikarabati tayari, hata kama ni dakika chache. Mbili ni joto, taa ikipasha sahani unaweza ukadhani umeona mwanga kumbe umeona joto, kwa hiyo weka kipimajoto pale pale kwenye sahani. Na usidhani haya ni ya wanaojifunza tu, Albert Kelner pale Cold Spring Harbor miaka ya mwisho ya 1940 alikuwa anapata namba zinazorukaruka, akahangaika na joto wee, mpaka akagundua kumbe sahani nyingine zilikuwa zinapigwa na mwanga na nyingine hapana. Huko kuhangaika na namba zinazorukaruka ndio kulizaa ugunduzi wenyewe, ukatoka 1949.

Ukimaliza mradi huu kuna kitu kimoja unakijua vizuri, na ukiulizwa kwenye intavyuu una la kusema zaidi ya "napenda sana saratani".

Kisha panda kwenye kometi

Kipimo cha pili, hiki ndicho ninachokipigia debe zaidi kwa maabara zetu, kinaitwa kipimo cha kometi. Unachukua seli, iwe ya damu au unayoikuza, unaichanganya na agarozi laini (aina ya jeli) iliyo vuguvugu kama nyuzi 37, unaimimina kwenye slaidi ya hadubini, inaganda. Unaizamisha kwenye maji yenye chumvi kali na sabuni kwenye friji, saa moja au usiku mzima, ngozi ya seli na protini zinaondoka inabaki DNA imekaa kama duara. Unaiweka kwenye maji makali ya alkali, pH juu ya 13, dakika 20 mpaka 40, nyuzi mbili za DNA zinaachana, kisha unapitisha umeme, volti 25 hivi kwa nusu saa. DNA iliyokatikakatika inavutwa inatoka nje ya duara inakuwa mkia, nzima inabaki pale pale. Ukipaka rangi inayong'aa na kuangalia kwenye hadubini unaona kweli nyota yenye mkia, na mkia ukiwa mrefu na mzito ndio uharibifu mwingi.

Uzuri wake ni bei. Hauhitaji mashine ya mamilioni, unahitaji tenki la jeli, hadubini yenye mwanga wa floresensi, agarozi na uvumilivu. Kuhesabu kuna programu ya bure, OpenComet, inakaa ndani ya ImageJ, programu ya kuchambua picha, ambayo nayo ni bure.

Kupima ukarabati sasa sio uharibifu tu: wape seli haidrojeni peroksaidi kidogo, dakika tano juu ya barafu, osha, kisha chukua sampuli papo hapo, baada ya dakika 15, 30, na 60 huku zilizobaki ziko kwenye nyuzi 37. Mkia ukifupika kadri muda unavyokwenda, seli inajikarabati. Usipofupika, hapo una habari ya kuandika, lakini kabla hujaandika rudia na seli unayoijua kwamba ni nzima. Fanya kazi kwenye mwanga hafifu. Na ukiona vikia vinene vilivyoachana kabisa na kichwa, hizo huenda ni seli zilizokuwa zinakufa tangu mwanzo, usizihesabu kama ushindi.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye vitabu ni slaidi kuvua agarozi, yaani umefanya kazi siku nzima halafu jeli inateleza inaanguka kwenye tenki. Paka slaidi tabaka jembamba la agarozi ya kawaida siku moja kabla, iache ikauke kabisa, ndio umimine ile yenye seli juu yake. Kwenye unyevu wa Dar au Mombasa haikauki kirahisi, iweke sehemu kavu au kwenye oveni yenye joto dogo.

Kwa asiye na maabara kabisa

Kama una laptopu na bando, kuna njia nyingine. Kila kinachoharibu DNA kinaacha alama yake, jua lina alama yake, sigara yake, sumukuvu (sumu ya fangasi wa nafaka) yake, na ukarabati uliokufa kwa sababu jeni za BRCA, zile za saratani ya matiti ya kifamilia, zimeharibika nao una yake. Tangu kazi ya Ludmil Alexandrov na wenzake ya 2013 hizi alama zimepewa namba na zimewekwa wazi kwenye hifadhi ya COSMIC, bure. SBS7 ni ya jua, SBS4 ya tumbaku, SBS24 ya sumukuvu, SBS3 ya BRCA. Programu ya SigProfiler ni bure pia. Jifunze Python au R kwa kiasi cha kukuwezesha kuiendesha, shusha data zilizo wazi, jaribu kurudia mchoro mmoja wa pepa iliyokwisha kutoka. Ukiweza kuurudia wenyewe unavyotoka, na ukaeleza kwanini pale umetofautiana kidogo, una kitu cha kumuonyesha bosi yeyote duniani.

Mimi napendelea mtu awe na vyote viwili, mkono na laptopu, ila ukilazimika kuchagua, chagua kile ambacho unaweza kukifanya kesho asubuhi bila kuomba ruhusa.

Maswali ya kwetu

Hapa nitakaa kidogo, maana naona vijana wengi wanaandika mapendekezo ya utafiti utadhani wanaishi Boston. Kipimo ukishakuwa nacho kinahitaji swali, na maswali mazuri sana yamelala hapa hapa.

Sumukuvu. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu fangasi inaingia na kuacha sumu. Kenya 2004 kule Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa sumu ya ghafla, na Tanzania 2016 ikapiga Dodoma na Manyara. Hiyo ni ya ghafla, ila kuna ya polepole: ini lako lenyewe ndilo linaigeuza ile sumu kuwa kali, inajishika kwenye herufi G ya DNA, na isipotolewa kabla seli haijanakili, G inakuwa T. Kwenye jeni ya TP53, inayozuia seli isigeuke saratani, kuna sehemu moja, kodoni 249, inayopigwa hivyo mara nyingi kwa wagonjwa wa saratani ya ini sehemu zenye sumukuvu. Anayeitoa ni ule ule mfumo wa kukata na kutoa kipande aliousoma Sancar. Sasa nani anakarabati haraka na nani polepole kati ya watu wanaokula ugali ule ule? Hilo ni swali la kometi na damu.

Saratani ya umio. Ukanda wetu kuanzia Kenya kushuka Tanzania mpaka Malawi unaongoza vibaya kwa hii. Mwaka 2021 ilitoka kazi kubwa ya jinomu 552 (DNA nzima ya uvimbe) za wagonjwa kutoka nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo, wakitafuta alama ya DNA itakayoonyesha kinachosababisha sehemu moja iwe na wagonjwa wengi kuliko nyingine. Hawakuipata alama ya nje ya kueleza hiyo tofauti. Chai ya moto, moshi wa jikoni, vyote vinatajwa, lakini DNA haikutaja mtu. Mtafiti mchanga akisikia hivyo anatakiwa apate njaa.

Albino na jua. Hapa watu wanachanganya sana hivyo niliweke wazi. Mwenye ualbino amekosa melanini, mwavuli umetoboka, ila ukarabati wake wa DNA unafanya kazi. Kuna ugonjwa mwingine, zerodema pigmentosamu, huko melanini inaweza kuwepo ila ukarabati umekufa, jambo ambalo James Cleaver alilionyesha 1968 kule San Francisco. Wote wawili wanapata saratani ya ngozi mapema lakini sababu ni mbili tofauti. Moshi pale hospitali ya KCMC wana kituo cha magonjwa ya ngozi, na mafuta ya jua ya Kilisun yanatengenezwa pale kwa ajili ya wenye ualbino. Mtu anayetaka kusoma UV na ngozi hana sababu ya kuanzia Ulaya.

Na mionzi ya tiba. Mgonjwa wa mlango wa kizazi anayepigwa mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, anatibiwa kwa kuvunjwa DNA, ndio kazi ya ile mashine. Uvimbe unaojua kuunga haraka unapona na kurudi, usiojua unakufa. Ukipima kabla ya tiba unaweza kubashiri? Watu wanajaribu, mlango haujafungwa.

Kwa wanaouliza kama haya mambo yanafika kwa mgonjwa au yanaishia kwenye pepa, wasome habari ya PARP. Mary-Claire King alionyesha 1990 kwamba kuna jeni kwenye kromosomu ya 17 inayobeba saratani ya matiti kwenye familia, ndiyo BRCA1. Baadae ikajulikana kazi yake ni kuunga DNA iliyokatika nyuzi zote mbili. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yakaonyesha kwa wakati mmoja kwamba seli iliyokosa BRCA ukizuia na PARP yake, kimeng'enya kinachoshughulikia mikato midogo, inakufa, wakati seli nzima zinastahimili. Dawa ya olaparib, iliyoanzia kwenye kikampuni cha KuDOS alichoanzisha Steve Jackson wa Cambridge 1997, ikapitishwa 2014 kwa saratani ya ovari. Miaka 24 kutoka kromosomu hadi kidonge, na katikati yake wamejaa watu waliokuwa wanapima tu mikato ya DNA.

Kuandika kwa profesa

Sasa skolashipu. Commonwealth, DAAD (wana na ile ya kusomea humu humu Afrika), Erasmus Mundus kwa masters, na programu za PhD za taasisi zinazolipa zenyewe bila kujali pasipoti yako, kama IMB kule Mainz Ujerumani ambao wamebobea hasa kwenye DNA na ukarabati, au Crick London. Tarehe na masharti yanabadilika, soma kwenye kurasa zao, usisome kwenye magrupu ya WhatsApp. Humu ndani kuna Nelson Mandela Arusha, MUHAS, KCMC, Makerere, KEMRI na Pwani kule Kilifi, na masters ya nyumbani yenye data zako mwenyewe inauza kuliko masters ya nje ya kukaa darasani tu. Hapo wengi hawanielewi, lakini nimekaa upande wa kusoma maombi na naona yanayopita.

Imeili yako iwe fupi. Usianze na "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye ndoto". Sentensi ya kwanza nani na uko wapi. Ya pili na ya tatu: nimefanya kipimo hiki, nilipata hiki, mchoro umeambatanishwa, mmoja tu. Ya nne: nimesoma pepa yenu ya juzi, mchoro wa tatu, najiuliza kwanini hamkujaribu kwenye seli zisizo na kitu fulani. Ya tano unaomba unachoomba. Uliza swali ambalo kweli unataka jibu lake, maana wakikujibu mtaendelea kuongea kuhusu hilo hilo. Usitume imeili moja kwa maprofesa arobaini, wanajuana hao. Wasipojibu baada ya wiki mbili kumbushia mara moja, ukiona kimya songa mbele.

Kupata pepa kusikutie hofu. bioRxiv, tovuti ya pepa ambazo bado hazijahakikiwa, ni bure, vyuo vyetu vingi vina Research4Life (mlango wa kusoma majarida ya kulipia) ila wakutubi ndio wanaojua nywila, nenda kawaulize, na ukimwandikia mwandishi mwenyewe akutumie pepa yake wengi wanatuma.

Vibali na friza

Hii sehemu haina raha ila inaua miradi mingi kuliko sayansi mbovu. Sampuli ya binadamu inahitaji kibali cha maadili, Tanzania ni chuo chako kisha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na mtafiti wa nje anapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia). Kenya ni kamati ya maadili kisha NACOSTI, tume yao ya sayansi. Sampuli ikitoka nchini unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli, na usome nani atamiliki data na nani atakuwa mwandishi wa kwanza kabla hujasaini, sio baada. Anza maombi miezi mingi kabla, na wakati unasubiri fanya kila kitu kinachowezekana kwa hamira na seli zilizokwisha nunuliwa.

Antibodi na vimeng'enya vikikwama forodhani kwenye joto vimekwisha. Agiza mapema, agiza vilivyokaushwa pale inapowezekana, mpe wakala wa forodha karatasi zote kabla mzigo haujapanda ndege, na mtu awe uwanjani na barafu. Friza iwe na rejista, na iwe kwenye laini ya jenereta kweli, sio kwenye laini ambayo watu wanaamini iko kwenye jenereta. Nenda siku umeme ukikatika uangalie kwa macho yako. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja ambapo soketi ya friza ya sampuli ilikuwa laini ya kawaida na ya feni ndiyo iliyokuwa kwenye jenereta.

Seli unazokuza zipimwe mikoplazma kila baada ya muda. Ni kabakteria kadogo hakaonekani kwa hadubini ya kawaida, maji yanabaki safi kabisa, na kanavuruga DNA na ukarabati wote unaoupima. Maabara ya kometi isiyopima mikoplazma mimi matokeo yake nayasoma kwa jicho moja.

Ukishaingia maabara mpya

Iwe masters, PhD au umepata kazi ya fundi kama Sancar, miezi ya mwanzo usikimbilie swali lako. Muulize bosi ni mchoro upi wa maabara hii anauamini kuliko yote, kisha urudie wewe mwenyewe kwa mikono yako, kwa seli zao na dawa zao. Kama namba zako haziendani na zao, tafuta kwanini kabla hujamwambia mtu wao walikosea: loti ya agarozi, umri wa seli, dakika za alkali, taa ya chumba. Andika kila kitu kwenye daftari na tarehe, hata yale yaliyoharibika, hasa hayo. Mtafute yule fundi aliyekaa pale miaka mingi, kila maabara inaye mmoja, anajua kwanini tenki la kushoto linakimbiza jeli kuliko la kulia, mheshimu, mpe shikamoo yake kama mko kwetu na mnunulie kahawa kama mko kwao, na jina lake liwemo kwenye pepa akishachangia.

Kwenye mikutano ya kila wiki onyesha slaidi mbichi, sio grafu tu. Watu wakiona mikia yenyewe wanaona vitu ambavyo wastani umevificha, labda nusu ya seli zimekarabatika kabisa na nusu hazijaguswa, na grafu inakuambia zote zimekarabatika nusu. Ukikuta hivyo usiende mbele, rudi utenganishe hizo seli, zilizokuwa zinanakili DNA upande mmoja na zilizotulia upande mwingine, upime tena.